Mshenga Kutoka Viena

Mzee Sefania alikuwa mkarimu kupita kiasi, na ukarimu wake ulikuwa na kufuli. Ukishaingia nyumbani kwake pale Same, geti likafungwa nyuma yako, ulikula ukashiba, ulilala kitanda chenye neti mpya, ulikunywa chai ya maziwa asubuhi na jioni, na kila ulipotaja neno safari mzee aliagiza achinjwe kuku mwingine. Sasa mtu wa namna hiyo unamwambiaje kwamba umechoka?

Hilo ndilo swali lililomnyima usingizi mkwewe, Elinaza, kiongozi wa kikundi cha tarumbeta. Kikundi kilikuwa kimeshuka kutoka milimani kwa siku mbili tu. Mke wa mzee, Mama Eliwaza, alikuwa ametimiza mwaka tangu afariki, na ukoo ulifanya ibada ya shukrani na kuweka msalaba kwenye kaburi lake nyuma ya nyumba. Tarumbeta zote za kikundi alizinunua mzee mwenyewe, enzi zile malori yake yalipokuwa yanabeba jasi kutoka Makanya, akautunuku usharika wa kijijini alikozaliwa. Nani mwingine angepiga siku hiyo kama si wao? Wakapiga Jumamosi, wakapiga Jumapili, Jumatatu wakafunga mizigo.

"Mbona mapema hivyo?" mzee akasema. "Subirini Alhamisi, watu wa jumuiya watakuja kusali hapa."

Alhamisi wakaja watu watatu, wakanywa soda, wakaaga kabla giza halijaingia. Mzee akasema basi kikundi kingoje Jumapili, kipige kanisani. Jumapili ikapita, akasema kuna rafiki yake anakuja kutoka Kileo, ni aibu akikuta wapigaji wameondoka. Rafiki wa Kileo hakuonekana. Na sasa walikuwa wanaingia wiki ya tatu.

Ingekuwa kiangazi, pengine wasingelalamika, hasa Shukrani, mpiga besi, ambaye mkanda wake ulikuwa umeshahama tundu. Lakini mvua zilikuwa zimeanza juu. Ukisimama uani kwa mzee, penye vumbi na ule upepo wa Same usiojua kupumzika, ukiinua macho uliona mlima umejifunika wingu zito kuanzia kiunoni. Kila mwenye shamba kule alijua wingu lile linasema nini. Maharage yanataka kukuta udongo una unyevu wa mwanzo. Ukichelewa, jua linakuja kuyakuta bado yana maua, na hapo huna chakula wala mbegu. Na kikundi kizima, kuanzia Elinaza mpaka mpiga ngoma, walikuwa wakulima.

Rogathe, mke wa Elinaza, alipiga simu kila jioni. Hakusema njoo. Angesemaje njoo, na aliyemshikilia mumewe ni baba yake mzazi? Alisema tu, "Leo nimemaliza lile tuta la juu," au, "Kwa kina Tumainieli maharage yameshachomoza." Elinaza alimjua mkewe. Maneno yale yalikuwa kilio kilichovaa nguo za kazi. Alimwona akilini, amejifunga kanga kiunoni, anapanda peke yake kwenye mteremko ambao kila mwaka waliupanda wawili, na roho ilimuuma.

Kwa watu wengine jambo hili lingekwisha kwa sentensi moja. Lakini Mpare aliyelelewa hamkazii macho baba mkwe akamwambia, "Tunaondoka, baba, umetuchosha." Mambo mazito kati ya wakwe hupitia kwa mshenga. Mshenga akikaa katikati, neno kali huondoka kwa mmoja likiwa kali na kumfikia mwingine likiwa limeshalainishwa. Bahati mbaya mshenga wa Elinaza, mzee Eliamini, alikuwa amefariki mwaka wa pili baada ya harusi, na wala haikumpitikia mtu kwamba ndoa nzuri nayo huhitaji mshenga wa akiba.

Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho mkwe na baba mkwe waliweza kuongea bila kujikunyata, nacho kilikuwa cha ajabu kidogo: wanamuziki wa Ulaya waliokufa zamani. Elinaza alikuwa amesomea muziki wa kanisa miaka miwili Arusha, akarudi na nota chache na hadithi tele. Kila baada ya chakula cha jioni mzee aliegemea kiti, akasema, "Haya mkwe, tupeleke Ulaya," na Elinaza akawapeleka. Kuhusu Mama Eliwaza hawakuweza kuongea. Kila mmoja aliogopa kumliza mwenzake. Kuhusu nyumba ile kubwa na vyumba vyake vitupu hawakuweza pia. Lakini kuhusu Leipzig, mji wa wanamuziki kule Ujerumani, waliongea mpaka chai ikapoa.

Mzee alitaka mambo ya ndani. Wanamuziki walikula nini? Wanawake walikaa upande gani? Elinaza alimweleza jinsi Mozart kule Viena alivyokodi ukumbi, akauza tiketi mwenyewe, akatunga wimbo wakati wino wa wimbo uliotangulia haujakauka, na magari ya farasi yakajipanga nje mpaka njia ikaziba. Alimweleza jinsi Haydn alivyokwenda London akiwa mtu mzima, watu wakapenda sehemu ya pili ya simfonia yake hata wakagoma kusikia ya tatu mpaka ile ya pili irudiwe.

"Kumbe na wao walikuwa wanarudisha wimbo," mzee akasema, amefurahi kama aliyesikia habari za ndugu yake.

"Sana, baba. Walipiga makofi hata katikati ya wimbo. Huu ukimya wao wa sasa, wa kukaa kama wako mahakamani, umekuja baadaye."

Mzee alicheka mpaka akatoa leso. Akicheka hivyo, Elinaza alimpenda, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu zaidi. Kumtoroka mtu mbaya ni rahisi.

Kwa kuwa hadithi ndiyo njia pekee iliyokuwa wazi, Elinaza alijaribu kupitisha ujumbe humo. Jioni moja alimchagua Bach, akiwa kijana, mpiga kinanda wa kanisa katika mji mdogo uitwao Arnstadt. Alisikia kuna mpiga kinanda mkubwa mji wa Lübeck, akaomba ruhusa ya wiki nne, akaenda kwa miguu.

"Mbali?"

"Kama utoke Same uende karibu na Dar es Salaam, baba, kwa miguu."

"Mh."

"Sasa alipofika kule, akanogewa. Badala ya wiki nne akakaa miezi kama minne." Hapo Elinaza alipunguza mwendo, akakaza sauti. "Huku nyuma kazi imesimama, baba. Watu wanamngoja. Aliporudi, wazee wa kanisa wakamweka kikao. Walimkasirikia sana. Mtu kukaa ugenini kupita siku alizoaga, hata kama anapendwa, huleta matatizo nyumbani."

Mzee Sefania alitikisa kichwa taratibu, akiitafuna hadithi ile.

"Miezi minne," akasema mwishowe. "Na alikuwa Bach. Ninyi hata mwezi hamjafika, na yule Agape jana nilimsikia anauliza habari za basi." Kisha akaita jikoni waongeze maji ya chai.

Usiku huo, kwenye chumba cha wanaume, kikundi kilikaa kikao. Agape, mpiga tarumbeta ya kwanza, mama wa watoto wawili na mwenye ulimi usiojua kona, alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mwalimu, mimi kesho nitamwambia mwenyewe. Nitasema, mzee, tunashukuru, tumeshiba, tunakwenda kupanda."

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Halafu ataingia chumbani kwake, hatatoka siku nzima," Elinaza akasema. "Hatagomba. Ingekuwa atagomba ningekuruhusu."

Agape akashusha mikono. Wote walikuwa wameshamwona mzee asubuhi na mapema, alipodhani wamelala, akipita mlango kwa mlango na kikombe mkononi, akisikiliza kama ndani mna watu wanaopumua.

Ndipo Elinaza akawasimulia hadithi ambayo alikuwa hajamsimulia mzee. Haydn huyohuyo, kabla hajawa mtu wa London, alikuwa mtumishi wa mwana mfalme mmoja aliyependa muziki kupindukia. Mwana mfalme alikuwa na kasri la mashambani, na mwaka mmoja alikaa huko na wanamuziki wake miezi na miezi, wake zao na watoto wako mji mwingine, na hakuna aliyethubutu kumwambia turudi. Wakamlilia Haydn. Haydn naye hakusema neno. Alitunga simfonia, na mwishoni mwake, muziki ukiwa unaendelea, mpigaji mmoja akazima mshumaa wake, akachukua chombo chake akatoka. Kisha mwingine. Kisha mwingine, mpaka wakabaki wawili tu wenye fidla, katika ukumbi uliokaribia kuwa giza. Mwana mfalme akaelewa. Kesho yake safari ya kurudi ikaanza.

"Basi huyo Haydn ndiye mshenga wetu," Agape akasema.

"Ndiye huyohuyo," Elinaza akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze alilala fofofo.

Mzee aliposikia kwamba mkwe wake anataka kufanya konserti kama zile za Viena, palepale nyumbani, Ijumaa jioni, majirani wote wakaribishwe, alizunguka nyumba kama kijana anayeoa. Alituma watu waende sokoni, kanisani, kituo cha bodaboda. Alitoa viti vyote, mpaka makochi, yakapangwa uani. Geti lenyewe liliachwa wazi tangu saa tisa alasiri, jambo ambalo halikuwa limeonekana tangu siku ya msiba.

Elinaza alikuwa ametunga wimbo mfupi wa taratibu, akauandika kwa nota za solfa kwenye karatasi za manila, kila sauti yake. Walikuwa wameufanyia mazoezi uani siku nne mfululizo, kwa nguvu, mpaka muuza mboga wa pale kona alikuwa anaupiga mluzi akipanga michicha. Wimbo ule ulikuwa kama duara: ukifika mwisho unajikuta mwanzo, unazunguka tena. Elinaza hakuutungia kimalizio. Kimalizio chake kilikuwa wao kutoka mmoja mmoja.

Mishumaa ilikataliwa na upepo, kwa hiyo kila mpigaji aliweka miguuni taa ndogo ya sola, zile walizoshuka nazo kutoka mlimani. Giza lilipoanza kuingia, mzee akazima mataa ya uani kwa mkono wake, akakaa kwenye kiti cha mbele, suti ya kijivu, kofia magotini. Watu walikuwa wengi kuliko Elinaza alivyotegemea. Wengi walikuwa wakipita nje ya ukuta ule miaka mingi bila kuona ndani kuna nini. Walikuja kwa ajili ya muziki, lakini walikuja pia kuchungulia.

Wakapiga nyimbo za kanisa, watu wakaitikia. Wakapiga moja ya haraka, vigelegele vikatoka, mzee akageuka nyuma akawaambia kwa fahari, "Hata Viena walikuwa wanafanya hivyohivyo." Mwishowe Elinaza akainua kidole, na ule wimbo wa duara ukaanza.

Mzunguko wa kwanza walipiga wote. Wa pili, kama walivyopanga, Agape akashusha tarumbeta, akainama akazima taa yake, akaiacha tarumbeta juu ya kiti ili pengo lake lionekane, akainamisha kichwa kwa mzee, akatoka polepole mpaka nje ya geti. Elinaza alimtazama mzee kwa pembe ya jicho. Mzee alikuwa amekaza macho kwenye kile kiti kitupu. Inaingia, Elinaza akawaza. Taratibu, lakini inaingia.

Kumbe mtu mwingine naye alikuwa anakitazama kile kiti. Dorkas, yule muuza mboga wa kona, alikuwa safu ya pili, na uso wake ulikuwa wa mama anayeona sufuria ya jirani inaungua na mwenyewe hayupo. Alivumilia kidogo, akashindwa. Akanyanyuka, akakaza kanga, akaenda akakaa kwenye kiti cha Agape. Akawasha taa. Akafuta mdomo wa tarumbeta kwa ncha ya kanga, akaitazama karatasi, akapuliza.

Sauti ya kwanza ilitoka kama mbuzi aliyekanyagwa. Ya pili ilikuwa nota.

Hapa ndipo inabidi mtu awaelewe Wapare. Wana kazi yao ya pamoja inayoitwa msaragambo: mfereji umeziba au barabara imekatika, mbiu inalia, wote wanatoka na majembe. Na katika msaragambo kuna adabu ambayo haifundishwi na mtu, unakua nayo tu. Mwenzako akichoka, akaweka jembe chini, jembe halilali. Aliye karibu analiokota, anaendelea palepale alipoishia, bila kuulizwa na bila kungoja ahsante. Watu waliojaa uani walikuwa watu wa milima, walioteremka Same kwa ndoa au kwa kazi, na nusu yao walipiga tarumbeta kwenye vikundi vya vijana kabla ya kipaimara. Wao hawakuona watu wanaoaga. Waliona wageni waliochoka, na kazi ambayo haijaisha.

Mpigaji wa pili alipozima taa, fundi cherehani mmoja alikuwa ameshasimama. Wa tatu alipokelewa na mstaafu wa reli, Asheri, ambaye alikunja mikono ya shati kwanza. Zamu ya Shukrani ilipofika, watu wawili walikuwa wanamngoja nyuma ya kiti, wakisukumana kwa heshima, na Shukrani, ambaye tangu mwanzo hakutaka kuondoka, alilitoa besi lake kwa uso wa mtu anayekabidhi mtoto. Taa zilizimika na kuwaka, zikazimika na kuwaka. Muziki, badala ya kupungua, ulinenepa.

Elinaza alitamani ardhi ipasuke. Hakuweza kusimama akawaambia watu wazima waache kusaidia. Hakuweza kumtazama mzee. Alipuliza tu, na jasho likamtoka, mpaka akabaki yeye peke yake kati ya watu wasio wa kikundi. Ilikuwa zamu yake. Akazima taa, akaiweka tarumbeta yake kubwa kitini, akainama, akageuka. Kwa heshima ya kiongozi, hakuna aliyethubutu kukigusa kile kiti. Alikuwa hajafika getini aliposikia sauti ya chini, yenye kukwaruza, ikiingia mahali pake. Akageuka. Mzee Sefania alikuwa amekaa kitini, kofia ameiweka chini, mashavu yamejaa.

Nje ya geti kikundi kilikuwa kimesimama kwenye vumbi, mikono mitupu.

"Mwalimu," Agape akasema, "mshenga wako amepewa kazi humo ndani." Alikuwa anacheka, lakini macho yalikuwa na machozi, maana alikuwa na watoto wawili kule juu.

Elinaza akaegemea nguzo ya geti. Yote yalikuwa yameharibika. Kesho mzee angekuwa na furaha kuliko jana, na kuku wangechinjwa mara mbili. Akasikiliza. Wimbo ulizunguka, ukazunguka tena. Ukazunguka tena. Ndipo alipoelewa kitu kingine kilichomfanya ashike kichwa: wale watu hawakuwa na namna ya kumaliza. Hakuwaandikia mwisho. Wangepuliza mpaka midomo ivimbe, kwa sababu hakuna ambaye angekuwa wa kwanza kuacha kazi ya mwenzake.

"Ngoja nikawafungie," akasema, akarudi ndani.

Alisimama mbele yao, akainua mikono miwili. Macho yote yakamwangukia, ya Dorkas, ya fundi, ya Asheri, na ya baba mkwe wake, ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha yao alikuwa anangoja amri yake. Elinaza akawapeleka mzunguko mmoja zaidi, akawashikilia kwenye nota ya mwisho, akafunga ngumi. Kimya. Kisha uani kukalipuka makofi na vigelegele, na watu wakaanza kudai urudiwe.

Mzee hakusimama. Alimwita kwa kichwa, Elinaza akachuchumaa pembeni ya kiti.

"Mkwe," akasema kwa sauti ya chini. "Mlikuwa mnaaga."

Elinaza akatazama chini. "Ndiyo, baba. Utusamehe."

"Nilijua tangu yule binti alipozima taa. Nikasema, ngoja nione. Hawa wengine hawakujua, wao wamezoea kusaidia." Akapangusa midomo, iliyokuwa imeanza kuwa myekundu. "Ulipobaki wewe peke yako niliogopa. Nikuambie kweli. Tangu mama yenu aondoke, jioni ikiingia nyumba hii inanitisha, mimi mtu mzima. Nikaona, wakiwapo watu wanapuliza, siusikii ukimya wake. Basi nikawashika kwa kuku."

"Baba..."

"Mvua nimeziona. Mlima si ule pale? Kila asubuhi nikiuona nasema, leo nitawaruhusu. Mngeniambia tu."

"Tungeanzaje, baba?"

Mzee akamtazama, akacheka kidogo, puani. "Kweli. Mngeanzaje." Akaweka mkono begani kwa mkwewe, mkono ambao haukuwahi kuwekwa pale. "Chukueni tarumbeta zenu. Kesho asubuhi gari itawapandisha."

Elinaza akasimama. Ruhusa aliyoililia wiki mbili ilikuwa mkononi, tamu kabisa. Akageuka kuwaita wenzake wakusanye vyombo. Na pale aliona kwamba hakuna aliyenyanyuka kwenye viti. Fundi cherehani alikuwa anamwonyesha Asheri mahali alipokosea. Asheri alikuwa anabisha. Watu waliokosa viti walikuwa wamesimama nyuma, wakiomba wajaribu. Dorkas aliiweka tarumbeta mapajani, akauliza kwa sauti ya mtu anayepanga kazi ya mfereji:

"Mwalimu, kesho tunaanza saa ngapi? Pale katikati pananishinda."

Elinaza akazitazama tarumbeta, moja baada ya nyingine. Tarumbeta ile kubwa aliyoiacha kitini ndiyo aliyojifunzia akiwa na umri wa kipaimara. Krismasi ilikuwa inakuja, na Krismasi ya kijijini bila tarumbeta alikuwa haijui. Lakini alimtazama mzee, ambaye alikuwa ameinama akimsikiliza Dorkas, kichwa pembeni, ameshaanza kumwambia habari za watu wa London. Na akajua kwamba jembe lililo mkononi mwa mtu huliondoi kabla ya kazi kwisha, hata kama jembe ni lako.

Akawafuata wenzake getini, akawaambia kwamba ruhusa ipo, lakini tarumbeta zinabaki. Shukrani alitaka kusema kitu kuhusu besi lake, akameza mate. Agape ndiye aliyeingia kwanza. Alikwenda mpaka kwa Dorkas, akaichukua tarumbeta, akaigeuza, akaifuta vizuri kwa kitambaa chake cha kichwa, akamrudishia.

"Hiki kitufe cha katikati kinakwama, dada," akasema. "Usikilazimishe. Kipake mafuta ya nazi kidogo, kitatulia."

Walipanda asubuhi kwenye gari ya wazi, mvua ikawapokea njiani, na hawakuwa na chochote cha kufunika isipokuwa vichwa vyao. Elinaza hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja shambani, akamkuta Rogathe kwenye tuta la chini, matope mpaka magotini, kikapu cha mbegu kiunoni. Rogathe akanyooka. Akamtazama mumewe, akatazama mikono yake.

"Tarumbeta ziko wapi?"

"Nimeziacha kwa baba."

"Za nini? Baba hana wa kuzipiga kule."

Elinaza hakujua aanzie wapi, kwa Haydn au kwa Dorkas. "Mpigie," akasema. "Mwambie tumefika."

Rogathe akafuta vidole, akatoa simu kifuani, akampigia baba yake. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, uso ukianza kubadilika, maana mzee huyo hupokea simu kabla haijaita mara ya pili. Safari hii ikapokelewa, na kelele ikatoka mpaka Elinaza akaisikia alipo: watu wanabishana, mtu anacheka, kitu kinalia kama mbuzi.

"Rogathe, mwanangu," mzee akasema kwa haraka, "niko mazoezini. Nitakupigia." Simu ikakatika.

Rogathe alibaki ameishika sikioni. Kisha akakaa chini palepale kwenye tuta, juu ya matope, akaanza kulia. Elinaza akachuchumaa mbele yake, ameshtuka, akamuuliza kuna nini.

"Amekata," Rogathe akasema. "Amekata yeye. Mwaka mzima, Elinaza, kila jioni ni mimi nakata. Yeye hakati. Ananiambia endelea, endelea kuongea, hata kama huna la kusema, na mimi namkatia."

Alilia mpaka akatosheka, na mvua ikamsaidia kuosha uso. Kisha akajinyanyua, akachota mbegu kikapuni mara mbili, akamjaza mumewe ile mikono mitupu, na wakaanza kupanda.